Mfanano Niliouruka

Nasimiyu alinipigia simu Jumanne asubuhi nikiwa nimekaa nyuma ya nyumba yangu hapa Kitale, nachambua maharagwe ya kupanda. Hakunijulia hali. "Mwalimu Kariuki, kaka ametuacha," akasema, na nikasikia watu wakilia nyuma yake. Sikumuuliza kaka yupi. Ana mmoja tu, Wekesa, aliyekuwa mwalimu mwenzangu zamani. Presha ilimwangusha shambani kwake, ng'ambo ya mji wa Bungoma, na alikuwa amekata roho kabla gari halijapatikana. Nilisema pole, nikasema nitakuja, kisha nikarudi kwenye maharagwe yangu nikayachambua hadi yakaisha, mabovu huku na mazima kule. Katika umri wangu mtu amezika wengi na anajua namna ya kulia. Huyu nilishindwa kumlilia. Kuna jambo nililomficha miaka ishirini na sita, na sasa hayupo tena wa kuambiwa.

Habari za nilikozaliwa, na jinsi babangu alivyotoka Nyeri akapata shamba Trans-Nzoia, nimeziacha. Hazina kazi hapa. Nataka kueleza mwaka mmoja tu, wa kwanza wa kazi yangu, niliokaa na Wekesa nyumba moja karibu na Bokoli. Mwaka huo masikio yake yalikufa. Mimi nilikuwa nimemhakikishia kwamba hayatakufa, na nilimhakikishia kwa maneno ya kitabuni, nikiwa na kalamu mkononi. Wengi wameniambia kwamba nilikuwa kijana na sikujua. Ni kweli sikujua. Ila sikusema kwamba sijui, na hapo ndipo ubaya wangu ulipoanzia.

Ilikuwa nyumba ya walimu, vyumba viwili na kijisehemu cha kupikia, bila dari. Ukuta wa katikati uliishia usawa wa kichwa cha mtu mrefu, kwa hiyo kila neno la chumba kimoja lilipanda na kushukia chumba cha pili. Tulijuana kwa sauti kuliko kwa sura. Nilijua anavyokunjua gazeti, anavyojikuna mgongo mlangoni, anavyosali kwa haraka asubuhi zenye baridi. Kulikuwa na meza iliyotengenezwa kwa madawati mawili yaliyovunjika, stovu ya mafuta ya taa iliyotoa moshi zaidi ya moto, na sufuria mbili ambazo tuligombana juu yake kila wiki. Yeye alipika ugali wa wimbi na muhogo, mweusi, mzito, wa kukaa tumboni hadi kesho yake. Mimi nilipika githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha. Mara ya kwanza nilipompakulia aliitazama sahani kwa muda. "Ati hii ni chakula," akauliza, "ama ni mbegu umesahau kupanda?" Kisha akala yote, akaongeza.

Alifundisha historia, lakini watu hawakumjua kwa historia. Walimjua kwa kwaya. Wekesa alikuwa na masikio yaliyoniudhi. Akiwa nje anaosha miguu alisikia maziwa yanataka kufura, akanipigia kelele kabla hayajamwagika. Alimjua anayekuja kwa mwendo wake kwenye changarawe. Kwaya ikiimba, watoto arobaini midomo wazi, aliinua kidole kimoja, wote wakanyamaza, akaenda hadi mstari wa tatu na kusimama mbele ya msichana mmoja. "Wewe. Uko chini kidogo." Nami, niliyekaa pale pale, nilikuwa nimesikia wimbo mzuri tu. Aliniambia, "Bana Kariuki, wewe ukiimba kanisani si uimbe polepole, Mungu ako na kazi ingine." Niliudhika, nikacheka. Nilimpenda mtu yule, na ni afadhali niseme hivyo wazi, maana nikisimulia yaliyofuata mtu anaweza kudhani kwamba sikumpenda.

Kikohozi kilianza baada ya Pasaka. Kwa kweli kilirudi. Miaka miwili kabla sijamjua alikuwa ameugua kifua kikuu, akapewa vidonge, akajisikia nafuu, akaviacha kabla ya wakati kama wengi walivyofanya siku hizo. Safari hii kliniki ya misheni ilimwambia kwamba, kwa kuwa ni mara ya pili, vidonge peke yake havitatosha. Angedungwa sindano ya streptomaisini kila siku kwa miezi miwili, Jumapili zikiwemo. Nilimbeba kwa baiskeli yangu asubuhi kabla ya gwaride, yeye kwenye kariya nyuma, mifupa tu, akinipa maagizo ya mashimo ya barabara. Nesi mzee aliyemdunga, ambaye kila mtu alimwita Sista, alikuwa na mkono mwepesi na mdomo mzito. Kila Ijumaa alimuuliza maswali yale yale mawili: "Masikio iko aje? Kichwa inazunguka?" Alingoja jibu kabla ya kuandika kwenye kadi. Sina la kumlaumu mama yule, aliuliza alichopaswa kuuliza.

Muhula huo huo nilikuwa nikifundisha kidato cha pili habari za seli, na lazima nieleze jinsi nilivyofundisha. Niligawa ubao kwa mstari mmoja wa chaki kutoka juu hadi chini. Kushoto bakteria, kulia sisi. Bakteria haina kiini, seli yetu ina kiini. DNA yake imejikunja ovyo katikati, yetu imefungwa ndani ya utando. Yake ina ukuta, yetu haina. Ribosomu zake ndogo, zetu kubwa. Watoto waliimba jedwali lile hadi mwalimu wa darasa la jirani akalalamika. Niliamini mtihani unapenda tofauti, kwa sababu mwalimu wangu aliamini hivyo, na imani hiyo ilinipa alama zangu. Chini ya jedwali, kitabu kilikuwa na aya fupi ya mfanano: kwamba zote zina utando wa nje unaochagua kinachoingia na kinachotoka, zote zina saitoplazimu, zote zimeandikwa kwa DNA, na herufi zake zinasomwa kwa namna moja, zote hutengeneza protini kwa ribosomu, zote huvunja chakula kupata nguvu. Mistari mitano. Mvulana mmoja aliuliza kama tunaandika na hiyo. "Hiyo someni wenyewe," nikasema, nikafuta ubao.

Katika wiki ya pili ya sindano, Jumapili baada ya ibada, mamake Wekesa alikuja kumwona. Alikuja na Nasimiyu, ambaye wakati huo alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili mwenye gauni la kanisani, na alileta kuku, unga wa wimbi, na machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, chakula cha ndugu zake walioishi milimani upande wa Cheptais. Alifukuza moshi wa stovu yetu nje, akawasha jiko la makaa, akayapika machipukizi kwa njugu za kusaga hadi nyumba nzima ikanukia. Aliniita mwarimu, kama wengi wa huko, nami ninayetoka kwa watu wanaochanganya herufi zizo hizo sikuwa na haki ya kumcheka. Alinipakulia kwanza kabla ya mwanawe. "Kula, mwarimu. Wewe ndio unamtembeza huyu." Tulikula bila maneno mengi. Ni chakula kitamu kuliko vyote nilivyokula mwaka ule.

Baada ya chai ndipo alipouliza anapewa dawa gani. Wekesa akamwambia vidonge na sindano. Mama akaweka kikombe chini.

"Ile ya kifua? Ya kila siku?"

"Ndiyo, mama."

"Wekesa, hiyo sindano haipatani na sisi. Khocha yako walimdunga hiyo huko Cheptais. Kifua ikapona, masikio ikakufa. Na mtoto wa dada yangu, hivyo hivyo. Lakini watoto wa huyo khocha yako wenyewe wamedungwa, na hawana shida hata moja. Ni sisi tu tumezaliwa na wanawake wa nyumba ile. Waambie wakupatie ingine."

Khocha ni mjomba, kaka wa mama, nami nilimfahamu kwa hadithi zake Wekesa: mzee aliyezungumza kwa kupiga kelele na kujibu maswali ambayo hayakuulizwa. Wekesa alinitazama. Hakumtazama mamake, alinitazama mimi, mwalimu wa biolojia. Ningeweza kusema hata sentensi moja ya unyenyekevu. Ningeweza kusema, tumuulize Sista kesho. Badala yake nilivuta daftari, nikafungua ukurasa wa nyuma, nikachora mstari wangu kutoka juu hadi chini.

"Mama, hiyo ni bahati mbaya tu," nikaanza. Nilimweleza kwamba dawa inaingia ndani ya bakteria na kuharibu ribosomu, vile viwanda vidogo vya kutengenezea protini. Nikamchorea cha bakteria na chetu. Nikamwonyesha kwamba havina umbo moja, kwa hiyo dawa inakijua adui na inatuacha sisi. Bakteria na mtu ni vitu viwili mbalimbali, nikasema, na dawa haiwezi kukosea.

Alilitazama lile daftari kwa heshima kubwa, akiwa ameshika kidevu. "Hao wadudu, huko ndani wanakula nini?"

"Wanakula chakula kutoka mwilini."

"Chakula yetu?"

"Ndiyo, mama."

"Na wanapumua?"

"Wanapumua."

"Na wanazaa watoto wa kufanana na wao?"

"Sana. Haraka hata."

"Sasa mwarimu, mtu anakula chakula yangu, anapumua hewa yangu, anazaa kama mimi. Unaniambia aje hatufanani?"

Wekesa alicheka hadi akakohoa, na mimi nikacheka, na hata Nasimiyu akacheka kwa kuona sisi wakubwa tunacheka. Mama akatabasamu, kwa sababu ni mtu aliyependa wageni wafurahi. Leo nikiikumbuka ile orodha yake, kula, kupumua, kuzaa, naona kwamba mwanamke asiyejua kusoma alikuwa amenisomea ile aya niliyoiruka, karibu mstari kwa mstari. Sikuiona. Nilikuwa na shughuli ya kuwa mwerevu. Jioni kabla hawajaondoka nilikaa chumbani kwangu nikisahihisha madaftari, nikasikia mama na mwana wakizungumza upande wa pili. Lubukusu yangu ilikuwa ya kuombea maji na kusalimia, lakini mambo mengine mtu anayaelewa. Mama alirudia neno la sindano mara tatu. Wekesa akajibu kwa upole. Kisha mama akasema, kwa sauti ya mtu anayefunga mzigo, kwamba basi, afuate mwarimu, kwa kuwa mwarimu amesoma.

Wiki mbili baadaye tulikuwa tukinywa chai kabla ya kutoka. Wekesa aliinua kichwa. "Kariuki, hiyo stovu inapiga filimbi?" Stovu ilikuwa imezimwa. Akatoka nje, akarudi, akaziba masikio kwa vidole, akayazibua. "Iko ndani," akasema. "Filimbi ya juu kabisa. Haiachi." Kila mtu wa huko amewahi kumeza kwinini kwa malaria na anajua jinsi masikio yanavyolia siku mbili tatu kisha yakanyamaza. Nilimwambia hivyo: ni kama kwinini, itapita. Aliniamini. Tukiwa njiani nilimwambia na jambo la pili, na hili ndilo linaloniamsha hadi leo. Nilimwambia asimtajie Sista, maana watasimamisha sindano na kumwanzishia matibabu upya tangu siku ya kwanza, na mashindano ya kwaya yamekaribia. Hilo la kuanza upya hakuna aliyeniambia. Nililitunga pale pale juu ya baiskeli. Na niseme yote: nililala ukuta mmoja na mtu anayekohoa, ukuta usiofika juu. Nilitaka dawa ile imalize kazi ndani yake kwa ajili yake, na nilitaka imalize kwa ajili yangu pia. Ijumaa ile Sista aliuliza, "Masikio iko aje?" Wekesa akanitazama pale nilipoegemeza baiskeli. Kisha akasema, "Iko sawa, Sista," na mama yule akaandika.

Sauti za juu ndizo zilizotangulia kwenda. Sikulijua hilo wakati huo. Niliona tu kwamba amekuwa mkali kwa wasichana. Aliwasimamisha katikati ya wimbo na kuwauliza kwa nini wananong'ona badala ya kuimba, nao walikuwa wanaimba kwa nguvu zao zote. "Tunaimba, Mwalimu," wakasema, na akawapigia meza. Mmoja alilia. Kisha mwendo wake ukaharibika. Alipita kando ya ukuta akiugusa, akaanguka mara moja karibu na ofisi ya mwalimu mkuu, na sokoni watu wakaanza kusema kwamba mwalimu wa kwaya sasa anakunywa asubuhi. Alisikia? Hapana, hakusikia. Mimi ndiye niliyesikia, na niliwakaripia wauza mboga kwa hasira ambayo haikuwa yao. Nyumbani nilizungumza kwa sauti kubwa zaidi kila wiki bila kukubali kwamba nafanya hivyo. Maziwa yalifura na kumwagika yeye akiwa kando yake, akisoma. Aliyatazama yakizima moto, akainua macho kwangu, na sote wawili tukajifanya kwamba ni uzembe tu.

Sindano ziliisha. Makohozi yake yalipimwa, hayakuwa na kitu. Alikuwa ameanza kunenepa. Sista alimpa mkono na kumwambia Mungu amemponya, naye aliitikia kwa kichwa kwa kuwa alimwona ametabasamu. Siku hiyo ya mwisho alimwambia Sista ukweli wa masikio, na mama yule alikaa chini kwenye benchi. "Kwa nini hukusema?" akamuuliza. "Ningebadilisha. Siku ile ile ningebadilisha." Wekesa hakumsikia. Alinigeukia ili nimrudilie maneno, na mimi nikamwambia, nikitamka polepole karibu na uso wake, kwamba Sista anasema pole.

Mashindano yalifanyika ukumbini mjini Bungoma wiki tatu baadaye. Mwalimu mkuu alitaka mtu mwingine aongoze, lakini watoto walikataa. Wekesa alivaa suti ya kijivu, viatu vimepakwa mafuta. Aliinua mikono, wakaanza vizuri sana. Katikati ya ubeti wa pili wasichana walipanda juu kuliko walivyopaswa, kwa woga, na wavulana wakabaki chini, na wimbo ukapasuka vipande viwili. Hata mimi nilisikia. Wekesa aliendelea kupunga mikono, uso umejaa furaha, akiwahimiza wasichana wapande zaidi, na watoto wale, ambao wangeweza kuacha, waliendelea kumfuata huku machozi yakiwatoka, hadi mwisho. Watu wachache walicheka. Aliinama, akashuka jukwaani, akanijia moja kwa moja. "Tumeimba aje?" Alikuwa akiangalia mdomo wangu. "Vizuri sana," nikasema. Akageuka akaziona nyuso za watoto. Hakuniuliza tena swali la namna hiyo maisha yake yote.

Desemba alifungasha. Mama yake alikuja kumsaidia kubeba, akapika mara ya mwisho kwenye ile nyumba, akanipakulia kwanza. Sikuona chuki usoni mwake, na niliitafuta. Ningeipokea kwa mikono miwili. Aliniambia, "Mwarimu, ulimbeba mtoto wangu kila asubuhi, Mungu akubariki," na nilikula kile chakula kwa kuwa sikuwa na ujasiri wa kukikataa. Wekesa alirudi kwao, akalima vitunguu na kabichi, hakuoa, hakukanyaga kanisani. Mimi nilihamishiwa Kitale.

Miaka kumi baadaye tuliitwa walimu wa sayansi kwenye mafunzo ya likizo hapa mjini. Mhadhiri alikuwa kijana kuliko mimi, mwenye haraka ya kuondoka. Alisema katika kila seli yetu kuna vijichumba vya kutengenezea nguvu, mitokondria, jambo nililolifundisha mwenyewe kila mwaka. Kisha akasema vijichumba hivyo vina DNA yao na ribosomu zao, na ribosomu hizo zinafanana na za bakteria, kwa sababu hapo kale vijichumba vyenyewe vilikuwa bakteria walioingia ndani wakakaa. Tunavirithi kwa mama peke yake. Akaongeza, huku akikunja karatasi zake, kwamba katika koo fulani herufi moja ya DNA ile imebadilika, na mfanano umezidi. Watu wa koo hizo wakipewa streptomaisini au ndugu zake, dawa haitofautishi, inaharibu za bakteria na zao pia, na seli za sikio zikifa hazioti tena. Mjomba. Mtoto wa dada. Watoto wa mjomba wasiodhurika, maana wana mama mwingine. Nilitoka nje nikasimama kando ya maua ya chuo.

Nilikwenda Bungoma Krismasi ile nikiwa nimeazimia kumwambia. Tulizungumza kwa kuandikiana kwenye daftari, kama tulivyozoea. Aliandika habari za bei ya vitunguu. Ningeweza kuandika mstari mmoja: mamako alisema kweli. Niliandika kwamba Kitale mvua imechelewa. Nilijiambia kwamba masikio hayarudi, kwa hiyo ukweli utamfaa nini, na nilijiona mwenye huruma. Nilikwenda Krismasi nyingine, na nyingine. Mamake alipofariki nilikwenda kuzika, na baada ya hapo nikaacha kwenda kabisa. Darasani nilibadilika. Nilifundisha mfanano kwanza, wiki nzima, kabla ya kugusa tofauti, na nilipofika kwenye dawa na sikio nilisimama na kurudia. Wanafunzi walidhani ni wazimu wangu mdogo wa uzeeni. Watoto wa Trans-Nzoia nzima walijua jambo ambalo nyumba moja tu ilihitaji kuambiwa.

Tulimzika Wekesa Jumamosi. Waliniomba niseme machache, nikasema machache, ya uongo yote ingawa kila neno lilikuwa kweli. Jioni, jua bado lipo, watu wengi wameondoka, Nasimiyu alinitafutia kiti nyuma ya jiko na kunipa chai. Ana mvi sasa. Msichana wa miaka kumi na minne hivi alikuja, akamgusa bega, na wakazungumza kwa mikono, haraka haraka. Nilimuuliza huyo ni nani.

"Wangu wa mwisho, Sara. Hasikii. Kaka ndio alikuwa rafiki yake, hao wawili walikuwa wanaongea siku mzima." Akakaa kwenye gogo. "Alizaliwa akisikia, mwalimu. Mlango ikigongwa alikuwa anashtuka. Siku ya nne akashikwa na homa mbaya, wakamdunga siku saba, wakamwokoa. Tukarudi nyumbani, nagonga sufuria, ako kimya tu. Babake akasema kwetu kuna laana, akaenda. Mimi nimekubali. Sasa ni laana gani inafuata wanawake wa nyumba moja, unaweza niambia?"

Sijui kwa hakika ni nini kilichomziba Sara masikio. Hakuna aliyempima, na homa yenyewe huweza kufanya hivyo. Lakini najua watoto wachanga wenye homa ya namna ile hudungwa nini, na najua dawa hiyo ni ndugu ya streptomaisini. Nilimwambia yote. Nilimwambia kwamba si laana, kwamba ni kitu kidogo mno alichopewa na mama yake kama huyo mama alivyopewa na mama yake mwenyewe, kwamba kuna dawa ambayo hakuna mtoto wa tumbo lao anayefaa kuipata, na kwamba Sara naye akijifungua lazima waambiwe kabla ya sindano yoyote. Nilizungumza kama mwalimu, kwa mpangilio. Alinisikiliza bila kupepesa macho hadi nikamaliza.

"Kwa hivyo ningeambia daktari, wangempatia ingine?"

"Ziko nyingine. Ndiyo."

"Na wewe ulijua hii maneno lini?"

Sara alikuwa amesimama kati yetu, akitazama mdomo wangu.

"Kabla hajazaliwa," nikasema.

Nasimiyu aliinuka. Alichukua kikombe mkononi mwangu, chai ikiwa bado nusu, akaimwaga chini, akamshika mtoto wake mkono, wakaingia ndani.